Aliacha namba kikosini akaenda kula bata, tena bata kweli

LOUISIANA, MAREKANI

WACHEZAJI huacha mpira kwa sababu nyingi. Goti limegoma, kocha hamtaki, umri umekwenda au mshahara hauonekani. Lakini kuna mwamba mmoja wa Louisiana aliyeacha namba ya kudumu kwenye kikosi cha kwanza akiwa mzima wa afya, kisa bata.

Siyo ile ya kula bata ya mjini, ya muziki na vinywaji. Huyu alifuata bata mwenyewe, mwenye mbawa na manyoya, anayeruka kutoka Kanada na kuishia kwenye sufuria.

Jina lake ni Phil Robertson. Mpira aliocheza ni ule wa Kimarekani, mpira wa yai, wa kuvaa helmeti na kugongana vifua. Wapenzi wa kabumbu wavumilie kidogo, maana kisa chenyewe kinamhusu kila mtu aliyewahi kugombea namba.

NAMBA MOJA NA WA BENCHI

Katikati ya miaka ya 1960, Robertson alikuwa kwotabeki wa timu ya chuo cha Louisiana Tech, mjini Ruston. Kwotabeki ndiye mchezesha timu. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, yeye ndiye anaamua mpira uende kwa nani. Kwa lugha ya kwetu, ni namba 10 aliyekabidhiwa funguo zote.

Nyuma yake, pale benchi, alikaa kijana mwenye mkono wa chuma kutoka Shreveport. Huyo aliitwa Terry Bradshaw.

Bradshaw amesimulia kwenye kitabu cha maisha yake kwamba mwenzake huyo alipenda kuwinda kuliko alivyopenda mpira. Alikuwa akifika mazoezini moja kwa moja kutoka porini, mikia ya kindi ikining'inia mifukoni na manyoya ya bata yakiwa yameganda kwenye nguo.

Tatizo lilikuwa ratiba. Msimu wa mpira wa vyuo Marekani unachanganya Septemba na kupamba moto Novemba. Novemba hiyohiyo ndipo baridi inawafukuza bata kutoka nyanda za Kanada, wanashuka kufuata bonde la Mto Mississippi hadi kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga ya Arkansas na Louisiana. Jumamosi ina mechi, na Jumamosi hiyohiyo bata wametua.

Mwaka 1968, akiwa bado ana msimu mmoja wa kuichezea Louisiana Tech, Robertson alivua jezi. Wa benchi akapanda.

Kilichofuata kila shabiki wa mpira wa yai anakijua. Mwaka 1970 Bradshaw alichaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima kwenye usajili wa vijana wa NFL, akatua Pittsburgh Steelers. Ndani ya misimu 6 alibeba Super Bowl 4, mbili kati ya hizo akiwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 1989 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji.

Na yule aliyemwachia namba? Huko hakukuwa na kombe. Robertson alifundisha shule, akaendesha baa, pombe ikamteka hadi ndoa yake na Kay ikakaribia kuvunjika. Alipojirudi alihamia kando ya Mto Ouachita, akawa anavua samaki na kuuza ili watoto wanne wale.

Huku akivua, alikuwa anachonga filimbi za kuwaita bata. Zilizokuwepo madukani aliona hazitoi sauti ya bata halisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akasajili ya kwake na kuanzisha kampuni, Duck Commander, pale West Monroe. Miaka 40 baadaye familia hiyo ikaingia kwenye televisheni na kipindi cha Duck Dynasty, kilichoruka kuanzia 2012 hadi 2017. Mwaka 2013 sehemu moja ya kipindi hicho ilitazamwa na watu milioni 11.8 Marekani. Mwaka huohuo kauli zake kwenye mahojiano ya jarida zilizua zogo kubwa, akasimamishwa kwa muda mfupi. Hakuwa mtu wa kupendwa na wote.

Robertson alifariki Mei 25, 2025, akiwa na miaka 79. Swali limebaki vijiweni: hivi huyo bata ana utamu gani mpaka mtu aache jezi?

WINDO LINA REFA WAKE

Kwanza, huko Marekani huamki tu na bunduki ukaenda ziwani. Mwindaji anahitaji leseni ya jimbo na stempu ya serikali kuu, ambayo imekuwepo tangu 1934. Fedha za stempu hiyo zinatumika kununua na kulinda maeneo oevu wanayotegemea bata. Yaani anayekula ndiye anayelipia shamba.

Kisha kuna idadi. Katika ukanda wa Mississippi mwindaji mmoja anaruhusiwa bata 6 kwa siku. Wale wakubwa waitwao mallard, ambao dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa, hawazidi 4, na majike kati yao hawazidi 2. Ukizidisha hapo ni kadi nyekundu, faini na pengine bunduki inachukuliwa.

Tangu 1991 marisau ya risasi nyeusi yamepigwa marufuku nchi nzima kwa ndege wa majini, kwa kuwa bata walikuwa wakiyameza kwenye tope na kufa kwa sumu. Sasa yanatumika ya chuma. Mpishi aikumbuke hiyo habari, maana chuma kikibaki kwenye nyama, jino ndilo linalipa.

KIPINDI CHA KWANZA: KUSAFISHA

Wazoefu wanasema bata mwitu huharibiwa kabla hajafika jikoni. Amepigwa alfajiri, akarundikwa na wenzake kwenye gari hadi jioni, utumbo bado uko ndani. Hapo hata mpishi wa hoteli ya nyota 5 hawezi kumwokoa. Anatakiwa apoe mapema na atumbuliwe mapema.

Kunyonyoa kuna kazi. Bata ana manyoya ya juu na chini yake malaika mengi yaliyobana kama beki ya Waitaliano. Wengine wanamnyonyoa mkavu. Wengine wakishatoa yale makubwa wanamchovya kwenye nta iliyoyeyushwa, kisha kwenye maji ya barafu. Nta ikiganda wanaibandua, nayo inaondoka na malaika yote. Vinavyobaki vinababuliwa kwa moto.

Wavivu wanachuna ngozi na kuchukua kidari tu. Inaruhusiwa, lakini wanatupa mafuta yote ya ladha, pamoja na mapaja na firigisi.

Juu ya mkia kuna tezi ndogo ya mafuta ambayo bata anaitumia kulainisha manyoya. Itolewe, inatia harufu. Halafu mpishi apapase nyama kwa kidole, kila tundu alilopita risau alifuate kwa ncha ya kisu. Mara nyingi risau huingia na kipande cha unyoya, na hicho ndicho kinachoharibu ladha.

Wengi humlaza bata kwenye maji ya chumvi usiku mmoja ili damu itoke. Wengine wanamwacha kwenye friji siku mbili tatu nyama ilainike. Kwa sababu ya mafua ya ndege, mashirika ya afya yanashauri kuvaa glavu, kuosha kisu na ubao kwa sabuni, na kutogusa ndege aliyeokotwa amekufa au anayeonekana mgonjwa.

KIPINDI CHA PILI: MOTONI

Hapa ndipo wageni wanapofungwa mabao. Wanamchukulia bata mwitu kama bata wa kufugwa. Wa kufugwa anakula na kulala, ana mafuta mengi chini ya ngozi. Bata mwitu ni kiungo mkabaji, anakimbia dakika 90 zote. Ameruka maelfu ya kilomita, kidari chake ni chekundu kama nyama ya ng'ombe na mafuta ni kidogo. Ukimtupa kwenye oveni saa 3, unatoa kandambili.

Siri ni kumgawa. Kidari kinapikwa haraka, mapaja yanapikwa taratibu. Ni wachezaji wa timu moja, ila kila mmoja na mazoezi yake.

Kidari kifutwe maji hadi kikauke, kitiwe chumvi, kiwekwe kwenye kikaangio cha baridi upande wa ngozi chini. Moto wa wastani. Mafuta yatajitoa yenyewe na ngozi itakuwa kavu ya kuvunjika. Kinageuzwa dakika chache tu, kinatolewa, kinapumzishwa kabla ya kukatwa. Wawindaji wengi wanapenda katikati pabaki pekundu kidogo. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema ndege yeyote afike nyuzi joto 74 ndani, na kwa nyumba yenye watoto, wazee au mjamzito huo ndio msimamo wa kufuata.

Pia inategemea bata alikula nini. Mallard aliyeshiba mpunga na mahindi ana nyama tamu. Wale wanaopiga mbizi kutafuta samaki na konokono wananuka shombo, na hao ndio wanaowapa bata wote jina baya.

MCHUZI WENYE UNDUGU NA KISWAHILI

Mapaja, shingo na firigisi kwao Louisiana vinaishia kwenye gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali. Na hapa mswahili akae vizuri. Wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha jina gumbo na neno la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, lililovuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani. Hivyo chungu kile ni ndugu wa mbali.

Bata anachemshwa kwanza kwa moto mdogo, saa mbili au zaidi, mpaka nyama iachie mfupa. Supu inahifadhiwa. Pembeni, unga wa ngano na mafuta, vipimo sawa, vinakaangwa kwenye sufuria nzito huku mwiko haupumziki. Unga unatoka mweupe, unakuwa wa karanga, mwisho unafikia rangi ya chokoleti. Inaweza kuchukua dakika 40. Hapo hakuna kupokea simu wala kuchungulia matokeo. Ukiungua hata kidogo, mwaga, anza upya, kwa sababu uchungu wake hauna dawa.

Kisha inaingia safu ya ushambuliaji ya watu watatu ambayo Louisiana haibadilishwi: kitunguu, pilipili hoho na selari. Vikilainika inafuata thomu, supu inamiminwa kidogokidogo, halafu nyama ya bata, soseji ya moshi na pilipili ya unga. Asiyekula nguruwe anatumia soseji ya ng'ombe, mchuzi haulalamiki. Wengine wanatia bamia ili uwe mzito. Moto mdogo saa nzima, mafuta yanayoelea yanaenguliwa, wali unasubiri.

Kay, mkewe Robertson, alijulikana Marekani nzima kwa mapishi ya aina hii, na mwaka 2013 akatoa kitabu cha mapishi ya familia. Chungu kile kilianza kuwakusanya watoto wanne zamani sana, kabla ya kamera na kabla ya pesa.

USIJARIBU BILA LESENI

Kwa msomaji wa hapa, asije akachukua bunduki akaelekea bwawani. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa uwindaji, na Kenya ilifunga uwindaji wa burudani wa wanyama tangu 1977. Kesi ya nyara za serikali haina muda wa nyongeza.

Lakini bata wa uani yupo. Yule mwenye vinundu vyekundu usoni ambaye watu wengi wanamfuga asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, kwa hiyo mchuzi huu hauko mbali na kwao. Nyama yake ni ngumu akizeeka, na ndiyo hasa inayofaa moto mdogo wa saa nyingi. Mafuta yake yaenguliwe zaidi, basi.

NANI ALISHINDA?

Ukihesabu makombe, hakuna mjadala. Bradshaw ana pete 4, Robertson hana hata moja. Ukihesabu pesa za mwanzo, vilevile.

Ila Robertson hakuwahi kulia kwamba namba yake iliibwa. Aliitoa mwenyewe, akalipa gharama yake kwa miaka ya shida, na alichokifuata akakifanya hadi uzeeni. Bradshaw alimaliza NFL akiwa na miaka 35, mkono umechoka. Robertson aliendelea kuingia mabwawani akiwa mzee wa ndevu nyeupe.

Kila timu ya mtaani ina mmoja wa hivyo, mwenye kipaji kuliko wote, aliyeacha mpira akaenda kuvua, kulima au kushika usukani. Watu wanamsema kwamba alipoteza bahati. Huenda ni kweli. Huenda pia jioni hii, wakati wenzake wanabishana kijiweni nani angefika Ulaya, yeye yuko nyumbani na wanawe, mchuzi uko mezani, na hana anachodai.