Dirisha la Mhabeshi Jijini Ahmedabad

Mgeni azuruye jiji la Ahmedabad, jimboni Gujarat nchini India, huonyeshwa Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1424, kisha hekalu la Wajaini la Hutheesing, lililojengwa kwa marumaru nyeupe mwaka 1848. Nami nilionyeshwa hayo, nikayastaajabia. Hata hivyo, msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed ndio ulionishika miguu.

Madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa kwa ustadi mithili ya kimia. Katika moja, matawi ya mti yamesukana kama ukili. Chuo mashuhuri cha usimamizi jijini humo kimelifanya dirisha hilo nembo yake. Aliyeujenga msikiti huo, mnamo mwaka 1573, alikuwa Mhabeshi.

"Sidi" ndilo jina waitwalo Wahindi wenye asili ya Afrika. Wale wa Gujarat wana mchezo wauitao goma. Mswahili hahitaji kamusi kulitambua neno hilo.

Kila nikiwauliza wanafunzi wangu Waafrika walifikaje India, hunijibu kwa neno moja: utumwa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Wengi walipelekwa utumwani, lakini wapo waliopanda vyeo wakaongoza majeshi, na wapo waliojenga.

Walimu wenzangu, tufundishapo habari za minyororo, tufundishe na habari za dirisha hili. Mtoto asikiaye minyororo pekee huishia kuamini kwamba wahenga wake hawakujua lolote ila kubeba mizigo ya wengine.