Mjumbe Hauawi

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, watu wasiojulikana walivamia nyumba ya Papy Mumbere Mahamba huko Lwemba, wilaya ya Mambasa, katika jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo. Walimuua, wakamjeruhi mkewe, wakaichoma nyumba. Mahamba alikuwa mtangazaji wa redio ya kijamii, akiwaeleza majirani zake Ebola ni nini na namna ya kujikinga nayo. Miezi michache kabla, tarehe 19 Aprili, Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akiwa kikaoni hospitalini mjini Butembo.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mjumbe wa kale hakuwa na ngao. Kilichomlinda ni makubaliano ya pande mbili: aliyemtuma alisimama nyuma ya maneno yake, na waliompokea waliweza kuukataa ujumbe bila kumgusa aliyeuleta. Katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, makubaliano hayo yalivunjika. Tukitaka kuwalinda watafiti na wanaoieleza sayansi, tuanze kwa kuuliza yalivunjikaje.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, katika eneo ambalo wakazi wake walikuwa wakizika ndugu zao tangu mauaji ya raia huko Beni yalipoanza mwaka 2014. Miaka yote hiyo waliomba msaada. Ilipoingia Ebola, misafara ya magari ikafika ndani ya siku chache. Mtu aliyepoteza watoto kwa panga hakukosea kuuliza: mbona hamkuja wakati ule? Kisha, Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi, kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Siku iliyofuata tangazo hilo, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Tayari Septemba 2018, katika utafiti uliowahoji watu 961 wa miji hiyo miwili, mmoja kati ya wanne alisema haamini kuwa Ebola ipo. Walichokikataa zaidi ni mkono ulioileta habari.

Jibu la haraka likawa bunduki. Fikiria mchanjaji anabisha hodi asubuhi, kisanduku cha baridi begani, na nyuma yake amesimama askari. Mama anayechungulia dirishani hamwoni mchanjaji, anamwona askari. Mlinzi anaweza kuzuia jiwe la leo, lakini huzidisha shaka inayorusha jiwe la kesho. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto ndani ya wiki moja.

Na hasara ilimrudia mwananchi mwenyewe. Kila shambulio lilisimamisha utafutaji wa waliokutana na wagonjwa, na virusi vikapata nafasi. Katikati ya misukosuko hiyo, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe, madaktari wa Kongo na wenzao walikuwa wakijaribu dawa nne. Agosti 2019 mbili zilionekana kuokoa wagonjwa wengi zaidi, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mlipuko ulipomalizika Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Yako mambo yaliyorudisha imani, na hayakuhitaji risasi. Vilijengwa vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akaweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wake akipewa maji. Uvumi kwamba watu huingizwa humo wauawe ulipungua nguvu mbele ya macho. Waliopona nao waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Maneno yao yalikuwa na uzito, kwa sababu walitoka mtaa uleule.

Lakini wa mtaa uleule ndiye aliye hatarini zaidi. Mgeni akitishwa, hupandishwa ndege. Mtangazaji wa kijijini hurudi kulala nyumbani kwake, na kila mtu anaujua mlango wake. Kwa hiyo anayemtuma ana deni: mkataba na bima inayoihusu familia, mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, na mahali pa kuhamia vitisho vinapoanza. Maikrofoni isibaki mikononi mwa mtu mmoja. Mchungaji, imamu, chifu na mama wa sokoni waishike pia. Na lawama zinapokuja, taasisi itoke hadharani iseme: ujumbe huu ni wetu, tuulizeni sisi.

Wasikilizaji nasi tuna sehemu yetu. Kumbishia mtaalamu ni haki yetu, na mtaalamu anayekasirishwa na swali anajidhuru mwenyewe. Ila jirani anapoanza kuitwa msaliti aliyekula pesa za wazungu, tulionyamaza tumeshachagua upande.

Ebola imerudi Kongo zaidi ya mara moja tangu usiku ule wa Lwemba. Kila inaporudi, yupo mtu kwenye redio ndogo anayeombwa azungumze na watu wake. Kabla hajafungua kinywa, anastahili kujua nani atasimama naye akishafika nyumbani.