Ndimu Inakula Sufuria, Dada!

Kina dada wa mjini mna kaugonjwa kamoja: chungu mnakionea aibu! Ukienda kwa bi harusi mpya unakuta seti nzima ya masufuria ya alumini yanang'aa kabatini, chungu hakuna. Sasa achari ya ndimu inakaa wapi? Humo humo kwenye sufuria, siku tatu. Mama wee!

Mwandishi wenu alikuwa Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa, upande ambao ulikuwa Mbinga mpaka wilaya ya Nyasa ilipozaliwa mwaka 2012. Jikoni kwa bibi mmoja nikajitia fundi, nikachukua sufuria nilaze samaki kwa ndimu na nyanya mpaka kesho. Bibi akaninyang'anya.

"Mjukuu wangu, ndimu inakula sufuria, na wewe unakula ndimu."

Nilicheka, lakini bibi yuko sawa kabisa. Alumini hujivika yenyewe utando mwembamba unaoilinda. Ndimu, siki, ukwaju na nyanya huula utando huo. Si umeona sufuria lililokuwa jeusi ndani linatoka jeupe pee pale mchuzi wa nyanya ulipofika? Ule weusi haukwenda sokoni, umo kwenye mboga! Kupika nusu saa si kesi. Kulaza ndiyo kasheshe. Na magadi, ingawa si asidi, nayo hula alumini vile vile.

Ndoo ya bati ndiyo mbaya zaidi. Ile imepakwa zinki, na ukilaza humo togwa iliyochacha au juisi ya ukwaju, zinki inayeyuka. Wageni wanakunywa, muda si mrefu wanatapika, harusi inavunjika, halafu anasingiziwa shangazi kuwa mchawi!

Bibi alitumia chungu. Udongo uliochomwa vizuri hauna habari na ndimu. Mwambao huu vyungu vina wenyewe: kina mama wa Kikisi, ambao kazi zao zinauzwa mnadani Lyulilo, jirani na Matema kule Kyela, na kusafiri ziwani kwa mitumbwi. Kasoro ni kwamba chungu kinapasuka na kinashika harufu. Mjini tumia chupa ya kioo, au stili yenye kromiamu isiyoshika kutu. Bakuli la enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma, kwa hiyo likibanduka tu, achari hapana.

Lakini kilichonitoa jasho hakikuwa jikoni. Nyumba ya pili wana betri ya gari ya kuendeshea redio, na maji yake ya akiba yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda, watoto wanacheza hapo! Yale ni asidi ya salfa, karibu theluthi ya uzito wake. Plastiki ya gamba la betri inaivumilia, kioo pia, ila koo la mtoto halivumilii. Akinywa, usimtapishe, maana itamuunguza mara ya pili wakati wa kutoka. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali. Ikimwagikia ngozi, maji mengi, tena papo hapo.

Mwenye nyumba alinibishia: "Kaka, mbona chupa haijatoboka?"

Bibi hakubishana. Aliingia, akaibeba ile chupa mwenyewe, akaifunga kitambaa chekundu shingoni na kuipandisha darini. Kisha akarudi kwenye samaki wake.