Picha ya mwenye kichwa cha tembo dukani: inasema nini, na inachorwaje?

Ukiingia duka la vipuri, la vitambaa au la vifaa vya ujenzi katikati ya jiji la Arusha, huenda umeiona. Iko juu ukutani, nyuma ya mwenye duka, karibu na kalenda. Ni kiumbe mwenye kichwa cha tembo, tumbo kubwa na mikono minne, amevishwa shada la maua, na chini yake kijiti cha udi kinafuka moshi. Unanunua boliti zako, unarudi Tengeru au Ngaramtoni, lakini ile picha inabaki kichwani.

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Usa River alitusimulia kwamba mwanawe wa darasa la sita aliichora picha hiyo kwenye daftari, akaipaka rangi vizuri. Bibi yake alipoiona akauchana ukurasa, akisema mtoto ameleta jini nyumbani. Mtoto hajashika penseli tena tangu siku ile. Wapo pia wanaoamini kwamba picha hizo ni chuma ulete, za kuvuta pesa za wateja. Kwa kuwa maswali ni mengi, tumeona tuyajibu kwa maandishi, ili ukitaka uyasome mara mbili.

Mhindi na Mhindu

Tuanze na maneno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Hapa kwetu wapo Wahindi Waislamu, kama Waismailia na Mabohora, na wapo Makalasinga, ambao dini yao ni ya Kisikh. Hao hutawaona wakiiabudu picha ya mwenye kichwa cha tembo.

Wahindu ndio wazee wetu waliowaita Baniani, na methali ya "Baniani mbaya kiatu chake dawa" inaonyesha tumeishi nao muda mrefu huku tukiwatazama kwa jicho la pembeni. Tunauziana na kununua, lakini hatuulizani.

Kila kitu kwenye picha kina maana

Wahindu wengi husema Mungu ni mmoja, ila huonekana kwa sura nyingi. Wachoraji wao wanataka mtazamaji aitambue sura hiyo hata kama hajui kusoma, kwa hiyo kila sura ina alama zake.

Mwenye kichwa cha tembo anaitwa Ganesha. Huombwa kabla ya kuanza jambo lolote, iwe safari, harusi, mtihani au biashara, kwa sababu huaminiwa kuondoa vizuizi. Ndiyo sababu yuko dukani. Masimulizi yao yanasema mama yake, Parvati, alimweka mlangoni awe mlinzi. Baba yake, Shiva, alirudi, akazuiwa kuingia na mtoto asiyemfahamu, akamkata kichwa kwa hasira. Alipojua kosa lake, akamrudishia uhai kwa kichwa cha tembo. Mkononi ana shoka, kitanzi na ladu, vile vitamu vya mviringo. Miguuni ana panya, ambaye ndiye kipando chake. Pembe yake moja imevunjika.

Mwanamke aliyesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu zikimiminika kutoka kiganjani, ni Lakshmi, wa neema na mali. Mwenye vazi jeupe na ala ya nyuzi iitwayo vina ni Saraswati, wa elimu na muziki. Kijana wa rangi ya buluu mwenye filimbi na unyoya wa tausi ni Krishna. Mwenye nyoka shingoni na mkuki wa ncha tatu ni Shiva. Mwenye sura ya nyani aliyebeba mlima mzima kiganjani ni Hanuman, aliyetumwa kuleta mti wa dawa; alipokosa kuutambua, akaung'oa mlima wote.

Mikono minne nayo ni lugha ya picha. Inasema huyu ana uwezo kuliko binadamu, na kila mkono unabeba kifaa cha kazi yake.

Ziliingiaje madukani?

Zamani picha nzuri ya rangi ya mafuta ilikuwa mali ya wafalme na matajiri wa India. Mtu aliyebadilisha hali hiyo ni Raja Ravi Varma, aliyezaliwa mwaka 1848 kusini mwa India. Hakusomea chuo cha sanaa. Rangi za mafuta alijifunza kwa kutazama wengine wakichora, kisha kujaribu mwenyewe. Aliwachora Lakshmi na Saraswati kama wanawake wa kawaida waliovaa sari, na mwaka 1894 akafungua kiwanda cha kuchapa picha hizo jirani na mji wa Bombay, ambao leo ni Mumbai. Bei ikashuka. Hata watu waliozuiwa kuingia mahekaluni kwa sababu ya tabaka lao wakapata picha ya kuweka nyumbani.

Wafanyabiashara waliokuja Afrika Mashariki, wengi wao kutoka Gujarat, walizifahamu picha za namna hiyo, na kalenda zikaendelea kuzisambaza.

Ukitaka kujaribu kuchora

Wahindu wenyewe huchora sana bila kuwa mafundi. Wakati wa Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba, wanawake na wasichana hupamba mbele ya milango kwa unga wa rangi. Mapambo hayo huitwa rangoli.

Kwa Ganesha, anza na kipimo. Vitabu vya kale vya mafundi wa India hupima mwili kwa urefu wa uso, kutoka nywele zinapoanzia hadi kidevuni. Sura nyingi za miungu hupewa nyuso tisa au kumi kwenda chini. Ganesha kwa kawaida hupewa tano tu, ndiyo maana anaonekana mfupi na mnene kama mtoto. Kata kipande cha karatasi chenye urefu wa uso uliouchora, kitumie kama rula, pima mara tano.

Chora duara la kichwa na duara kubwa zaidi la tumbo, kwa mistari myepesi inayofutika. Mkonga, katika picha nyingi za nyumbani, hupinda kuelekea mkono wake wa kushoto. Mikono ya nyuma ianzie bega lile lile la mikono ya mbele. Macho yaache mwisho. Mafundi wa sanamu za ibada nao humalizia na macho, kwa sababu kwao hapo ndipo sura inapoanza kutazama.

Adabu ya picha

Sanamu ya hekaluni huwekwa wakfu kwa ibada maalumu kabla ya kuombwa. Mchoro wa daftarini haujafanyiwa hivyo, lakini sura ni ile ile na mwenyewe ataumia ukiidharau. Usiichore kwenye kandambili, mkeka wa kukanyagia au mahali pa kutemea mate. Usiiweke chini sakafuni. Usimpe Krishna nyoka wa Shiva kwa kuwa tu anapendeza. Na ukiwa fundi wa mabango uliyepewa kazi na mwenye duka, muulize kwanza anataka sura ipi. Atafurahi kueleza.

Na dini yetu je?

Kuhusu halali na haramu, muulize sheikh, padri au mchungaji wako. Waislamu wengi hawachori viumbe kabisa, na hilo liheshimiwe. Ila kuchora ili ujue si sawa na kuabudu. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alimchora Yesu kama Mwafrika katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, na milima ya huko nyuma yake. Ravi Varma naye aliwavika miungu sari za watu wake. Kila mchoraji huanza na sura anazoziona nyumbani.

Jambo la mwisho litakufurahisha. Katika masimulizi ya Kihindu, katikati ya dunia upo mlima wa dhahabu, makao ya miungu, na jina lake ni Meru. Huu wetu, wenye zaidi ya mita 4,500, ni wa Wameru wanaoishi miteremkoni mwake, na kufanana kwa jina si ushahidi wa undugu. Lakini ukimwambia mwenye duka kwamba unaamka kila siku ukiutazama Meru, mtakuwa na la kuzungumza zaidi ya bei ya boliti.

Na yule bibi wa Usa River, tunamwomba amnunulie mjukuu daftari jingine.