Kamba wa viungo na kachumbari ya embe: kweli au si kweli?

Kamba wa viungo na kachumbari ya embe ni chakula cha nusu saa, kuanzia kumenya hadi kupakua. Kinachokiharibu ni maneno ya jikoni, na bila shaka nawe umeyasikia.

"Kamba wakae motoni mpaka walainike." Si kweli, na kamba wengi wazuri huharibikia hapa. Moto ukizidi, protini hujikaza na kukamua maji. Nyama inakuwa ngumu, tena kavu. Wapake thomu, bizari nyembamba, pilipili manga na chumvi, kikaango kipate moto kwanza, kisha dakika mbili upande mmoja na moja au mbili upande wa pili. Tazama kwenye unene wa mgongo: ukijivu umekwisha, nyama haipitishi tena mwanga, mwili umepinda kama ndoano. Ncha zikikutana, umechelewa. Kuchemsha muda mrefu ni kwa pweza, na kwake bibi zetu walisema kweli.

"Ukishakamua ndimu, vijidudu vimekufa." Si kweli. Asidi hubadili umbo la protini, nyama ikawa nyeupe kama iliyopikwa, lakini baadhi ya bakteria na minyoo hubaki hai. Wape moto.

"Ndimu hukata shombo." Kweli kabisa. Harufu ile hutokana hasa na trimethilamini, inayotengenezwa na bakteria baada ya samaki kufa. Asidi huigeuza kuwa chumvi isiyopaa hewani, basi pua haiipati. Wazee waliligundua hili bila maabara. Ila shombo kali ni dalili ya kuoza, na ndimu inaweza kuificha. Nusa kwanza, kamua baadaye.

"Nanasi na papai hulainisha nyama." Kweli, na ndiyo sababu usiwaroweke kamba humo. Wachoma mishkaki wanalijua papai bichi: lina papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Nanasi bichi lina bromelaini, yenye kazi ileile. Nyama ya ng'ombe huvumilia. Kamba huwa rojorojo. Ukitaka kuongeza nanasi, likae kwenye bakuli lake, wakutane sahanini.

"Ukali wa pilipili umo kwenye mbegu." Si kweli. Umo kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, utoe huo. Ukiwashwa, usikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake. Kunywa maziwa.

Hapo atatokea mtu kukukataza: "Samaki na maziwa huleta mabaka meupe." Si kweli. Mabaka hayo hutokea kinga ya mwili inaposhambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kunywa bila hofu, labda kama una mzio.

"Matunda na samaki ni mambo ya wageni." Si kweli. Embe bichi limo kwenye mchuzi wa samaki wa pwani, na kwenye urojo wa Unguja. Pilipili ndiyo mgeni: asili yake Amerika, na ilianza kuvuka bahari baada ya 1492. Basi chagua embe lililoanza kuiva ila bado gumu, ulikate vipande vidogo, utie kitunguu maji kilichooshwa kwa chumvi, kotimiri, pilipili mbuzi kidogo na ndimu. Chumvi tia wakati wa kupakua, la sivyo embe litatoa maji na kachumbari itaelea.