Mdundo Ndani ya Sikio: Chanzo, Vipimo na Namna ya Kuishi Nao

Usiku unapotulia, mashine za kusaga zikiwa zimezimwa na redio za majirani zimenyamaza, wapo wakazi wanaosikia sauti ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeisikia. Huifananisha na ngoma ya mbali, kinu kinachotwangwa au upepo unaovuma na kukatika kwa mpigo usiobadilika. Wengi huificha kwa kuhofia kudhaniwa wamerukwa na akili au wamepandwa na majini. Wengine hutumia fedha na miezi mingi wakimtafuta aliyewaroga, ilhali jambo la kwanza walilopaswa kufanya ni kupima shinikizo la damu.

Hali hiyo inafahamika katika tiba, na mara nyingi chanzo chake huweza kutafutwa na kupatikana. Aidha, inatofautiana na mlio wa masikio uliozoeleka zaidi. Mlio wa kawaida huwa wa mfululizo, kama sauti ya nyenje au filimbi, na mara nyingi huhusiana na uzee, kelele za muda mrefu au dawa kama vile kwinini na aspirini inayotumiwa kwa wingi. Mdundo, kwa upande wake, hupanda na kushuka, na kwa wagonjwa wengi huenda sambamba na mapigo ya moyo.

Jinsi sauti inavyotokea

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo hupenya ndani ya mfupa uleule wa fuvu unaobeba sikio, na mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani hupita chini kidogo ya sikio la kati. Kwa kawaida damu hupita humo kimya, kama mto mpana kwenye tambarare. Inapoongeza kasi, au inapolazimika kupenya mahali palipobanwa, huvuma kama mto uliofika kwenye mawe.

Sababu ya kwanza ya mvumo huo ni damu kwenda kasi mwili mzima. Hali hiyo hutokea kwa mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye homa, au ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Hutokea pia wakati wa ujauzito, kwa kuwa wingi wa damu mwilini huongezeka sana katika kipindi hicho.

Sababu ya pili imo katika mishipa yenyewe. Shinikizo la juu la damu, mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa ya shingo, mshipa uliobanwa au mishipa iliyoungana isivyo kawaida huweza kuzaa mdundo. Mara chache huwapo uvimbe mdogo wenye mishipa mingi nyuma ya kiwambo cha sikio. Wapo pia wagonjwa, hasa wanawake vijana wenye uzito mkubwa, ambao mdundo wao hutokana na shinikizo la maji yanayouzunguka ubongo. Hao huumwa kichwa mara kwa mara na huona ukungu, na wasipotibiwa macho yao huweza kudhurika.

Sababu ya tatu ni sikio kuziba. Nta iliyoshindiliwa, au majimaji na usaha katika sikio la kati, huzuia sauti za nje na kuzifanya sauti za ndani ya mwili zisikike zaidi. Yeyote anayeziba masikio yake kwa vidole hulitambua jambo hilo papo hapo.

Namna ya kuuchunguza mdundo nyumbani

Mgonjwa aketi mahali penye utulivu kwa dakika tano. Msaidizi amshike kifundo cha mkono, aweke vidole viwili upande wa kidole gumba na kuyahisi mapigo. Mgonjwa naye agonge paja kwa kidole kila anaposikia mdundo. Endapo mgongo wa kidole unaenda pamoja na mapigo yanayohisiwa na msaidizi, sauti hiyo inahusiana na mzunguko wa damu. Endapo ni mibofyo ya haraka isiyofuata mapigo, huenda misuli midogo ya sikio au ya kaakaa inajikaza yenyewe.

Ni vyema kuandika kwenye daftari: sauti ilianza lini, iko sikio gani, huongezeka mtu akilala au akigeuza shingo, inaambatana na dalili gani, na ni dawa zipi zinazotumiwa, zikiwamo za mitishamba. Maelezo hayo humwezesha mhudumu kujua mapema aanzie wapi.

Safari ya huduma

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mgonjwa hupimwa shinikizo la damu na kuangaliwa macho, viganja na masikio. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, huonyesha shinikizo la juu linalohitaji kufuatiliwa. Wingi wa damu hupimwa pia: kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, kwa mjamzito ni chini ya 11, na kwa mwanamume ni chini ya 13.

Iwapo vipimo hivyo havionyeshi chanzo, au mdundo uko sikio moja tu na hauishi, mgonjwa anapaswa kuomba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari huyo hutazama kiwambo cha sikio, hupima usikivu, na husikiliza shingo na nyuma ya sikio kwa kifaa chake. Wakati mwingine naye huusikia mdundo huohuo. Inapobidi, huagiza picha za CT-skani au MRI ili kuichunguza mishipa. Mgonjwa aende na barua ya rufaa, majibu yote ya awali na kadi ya bima ya afya kama anayo.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja iwapo mdundo umeanza baada ya kuumia kichwa, au unaambatana na maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kupungua kwa uoni, uso kupinda, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema. Sikio lililopoteza usikivu ghafla nalo lishughulikiwe siku hiyohiyo. Mjamzito anayesikia mdundo huku kichwa kikimuuma, akiona maluweluwe au akivimba uso na mikono asisubiri tarehe ya kliniki, kwani hizo huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba.

Kwa upande mwingine, sikio lisitiwe mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu, njiti wala pamba za vijiti. Vitu hivyo huweza kutoboa kiwambo au kuisukuma nta ndani zaidi. Vilevile, dawa za shinikizo zisiachwe kwa sababu mdundo umetulia.

Chanzo kisipoonekana

Wapo wanaopitia vipimo vyote na kuambiwa kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Jibu hilo huchosha, lakini lina thamani: magonjwa mengi ya hatari yametafutwa na hayakuonekana. Kinachobaki ni kuipunguzia sauti nguvu yake juu ya maisha ya kila siku. Kwa kuwa ukimya huikuza, redio ya sauti ya chini au feni wakati wa kulala huifunika. Baadhi hupata nafuu wakiinua kichwa kwa mto wa ziada au wakilalia upande mwingine. Usingizi wa kutosha husaidia, kwani uchovu na hofu huufanya ubongo uitegee sauti hiyo zaidi. Dalili mpya zikijitokeza, mgonjwa arudi kupimwa.

Familia nazo zina wajibu. Mzee anayesema kichwa chake kinatwanga, au binti anayeogopa kulala kwa sababu ya sauti, asichekwe wala asipelekwe kupungwa. Amsindikize mtu mmoja hadi zahanati, na yule aliyeyahesabu mapigo ndiye afaaye zaidi kwenda naye.