Cheki Sufuria ya Ndani Kwanza

Wasee wa bedsitter hii kitu tunaijua fiti. Mwezi imefika katikati, gesi imekata, doo ya kujaza mtungi haiko, lakini stima iko na tokeni bado zinasoma. Hapo ndio rice cooker inaokoa jahazi. Unaosha mchele, unaweka maji na chumvi, unabonyeza, unaingia kuoga. Ukitoka dishi iko tayari. Ile ya lita 1.8 hukula karibu wati 700, so ikipika nusu saa haijameza hata nusu ya unit. Kwa keja ndogo sijaona kifaa ingine inakutunza hivi na bado inahurumia mfuko.

Sasa kuna hofu imeingia mtaani. Vidio zinazunguka, msee ameshikilia sufuria nyeusi imechubuka, anasema nonstick ni sumu, tupeni zote leo. Watu wameogopa kununua, wengine wametupa hata zile zilikuwa poa. Mimi nasema hivi: nonstick ina kesi ya kujibu, tena kubwa, lakini ndani ya rice cooker hiyo kesi si ile watu wanadhani. Ukielewa venye mashine inafanya, utajua uogope nini na uachane na nini.

Tuanze na kesi yenyewe. Hiyo rangi nyeusi kwa sufuria ni PTFE, wengi wanaijua kwa jina Teflon. Roy Plunkett, mkemia wa DuPont kule Marekani, aliipata bila kutarajia 1938 akisaka gesi ya friji. Mfaransa Marc Grégoire akaibandika kwa sufuria miaka ya 50, na 1956 kampuni ya Tefal ikazaliwa. PTFE ikishashika kwa chuma hutulia tu, haisumbuani na chakula. Noma ilikuwa kwa PFOA, kemikali iliyotumika kiwandani wakati wa kuitengeneza. Kule Parkersburg, West Virginia, DuPont walikuwa wanaimwaga mtoni na kuizika kwa dampo miaka na miaka. Mfugaji wa hapo, Wilbur Tennant, akaona ng'ombe zake zinadedi moja baada ya ingine. Wakili Rob Bilott akaingia naye kortini 1999. Kesi ikafungua mengine: watu karibu 69,000 wakapimwa damu, na jopo la wanasayansi likaunganisha hiyo kemikali na kansa ya figo, kansa ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo na kolestro kupanda. 2017 DuPont na Chemours, kampuni iliyozaliwa nayo, wakakubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zaidi ya 3,500.

Hii part huniuma kila nikiifikiria. Wale watu hawakugonjeka juu ya kupika wali. Waligonjeka juu ya maji ya kunywa. Sufuria rahisi ilifika kwa meko za dunia nzima, na aliyelipa bei kamili ni jirani wa kiwanda.

Kwa hivyo ukiona stika ya "PFOA Free" pale dukani, isome vizuri. Kampuni kubwa za Marekani zilikubali kuachana na PFOA kufikia 2015, mkataba wa kimataifa wa Stockholm ukaiweka kwa orodha ya kupigwa marufuku 2019, na 2023 shirika la utafiti wa kansa la WHO likaitaja wazi kuwa inaleta kansa kwa binadamu. So hiyo stika ni habari poa, lakini imemaliza swali moja tu. PTFE yenyewe bado iko kwa familia ya PFAS, zile kemikali haziozangi kwa mchanga wala majini. Jimbo la Minnesota limekataza sufuria za PFAS kuuzwa tangu Januari 2025. Ufaransa nao walipitisha sheria ya PFAS, lakini sufuria zikatolewa ndani baada ya wenye Tefal kupiga kelele. Kama unajali mahali hizo vitu zinatengenezwa, na mimi najali, hiyo pekee ni sababu tosha ya kutafuta sufuria ya stainless.

Lakini kama swali lako ni "hii cooker yangu inaniua?", kuja tuangalie joto.

Toa sufuria ya ndani uangalie ile sahani ya moto. Katikati kuna kitufe cha duara kimekalia springi. Kibonyeze na kidole, kinashuka, kiachilie, kinaruka. Ndani yake kuna sumaku. Maji yakiwa bado kwa mchele, joto haliwezi pita pale maji yanachemkia: Mombasa ni digrii 100, Nairobi ni kama 94 juu tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mchele ukishakunywa maji yote, joto la chini linaanza kupanda, na likipita 100 kidogo hiyo sumaku inaishiwa nguvu, springi inasukuma, unasikia "tak!" na taa inahamia upande wa kuweka wali ukiwa moto. (Hapo kabla ya "tak!" ndio wali hupata ukoko chini, na kwangu huo ndio utamu wenyewe.) PTFE nayo huanza kuharibika ikipita 260. Ikizidi kupanda kutoka hapo, moshi wake unaweza ua kasuku ndani ya keja na ukuache wewe na homa. Sufuria ya kukaangia ikisahaulika kavu juu ya gesi inafika huko chap chap. Rice cooker haifiki, na hata sumaku ikikataa kazi, kuna fyuzi ya joto ndani inakata stima kabla ya 200.

Hatari ni wakati watu wanazima hizo kinga. Unataka kukaangia vitunguu za pilau ndani ya cooker, switch inaruka kila saa, unaiziba na kijiti ikae chini. Ama fyuzi imeungua, unapeleka kwa fundi, anaona spea ni mbali anaunganisha waya moja kwa moja. Cooker inawaka, unafurahi, lakini hiyo sasa ni matatu bila breki. Fundi akikwambia ameiunga direct, mwambie aitoe aweke fyuzi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na keja kushika moto. Na kabla ya kurudisha sufuria ya ndani, panguza chini ikauke. Punje moja ya wali ikikwama juu ya hiyo sahani, sufuria haikai vizuri, kitufe hakisomi joto sawa, na hapo ndio wali unaungua chini huku juu bado uko mbichi.

Kitu ya pili ni mikwaruzo, na hii ndio inamaliza cooker nyingi za mtaa. Kijiko cha chuma. Ile waya ya kusugua masufuria. Kuoshea mchele ndani ya sufuria yenyewe, mchele wenye vijiwe ukisugua rangi kila siku. Ukimeza kipande cha PTFE tumbo halikivunji, kinapita tu. Lakini 2022 watafiti wa Australia walionyesha mkwaruzo mmoja unaweza toa vipande zaidi ya 9,000, vidogo hata macho hayavioni, na mimi siwezi kula hiyo nikiwa na choice. Oshea mchele kwa beseni, tumia mwiko wa mbao, loweka sufuria na maji vuguvugu kabla ya kuosha na sponji.

Sasa kama ni kununua. Ukiwa Luthuli ama River Road pale Nairobi, usianze na rangi ya nje wala idadi ya mabatani. Mwambie muuzaji afungue boksi, toa sufuria ya ndani uishike mkononi. Ikiwa nyepesi kama mfuniko wa mtungi, joto litakuwa linaunguza mahali pamoja na rangi haitakaa. Nzito ni poa. Pitisha kidole ndani, pembeni na chini. Rangi iwe laini kote, bila mapovu. Angalia alama za maji kama zimechorwa kwa chuma ama zimeprintiwa tu. Cheki plagi: kama ni ya miguu miwili inayotaka adapta, achana nayo, cooker inavuta stima nyingi kwa hiyo kazi. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iwe kwa boksi.

Stainless ikiwa ndani ya bajeti, chukua hiyo. Itashika wali mwanzoni. Dawa ni mafuta kijiko kimoja, na ukisikia "tak!" uache imefunikwa dakika 10 kabla ya kupakua, mvuke utalegeza ile imeshika. Pishori ya Mwea inatoka safi ukifanya hivyo. Seramiki haina PTFE, lakini huchoka haraka, so usilipe doo mob juu ya hilo jina. Na kama mfuko unasema nonstick ya kawaida, nunua bila hofu na uitunze.

Swali la mwisho kwa muuzaji: sufuria ya ndani inauzwa pekee yake? Juu siku utaona aluminiamu inang'aa chini ya rangi, hiyo sufuria imestaafu kupika, unabadilisha hiyo tu na cooker inaendelea na kazi. Akisema hakuna spea, ruka hiyo model, hata kama bei inakubembeleza.